Mafundi wa Pancha wa Nyeri

Matatu ya Othaya, pikapu ya majani ya chai, lori la viazi kutoka Kieni: yote hupitia mikononi mwa fundi wa pancha. Anapiga jeki, anafungua nati, anabandua tairi kwenye rimu kwa mtaimbo, kazi inayochubua vidole, hasa asubuhi za baridi ya Julai. Tyubu huzamishwa kwenye beseni la maji. Viputo vikitoka, tundu hutiwa alama, hukwaruzwa, hupakwa gundi, kisha kiraka. Kabla ya kuirudisha tyubu, fundi hupitisha kiganja polepole ndani ya tairi akitafuta msumari uliobaki. Bila hivyo, ameziba bure.

Tena husoma mpira. Ukilika katikati, upepo umezidi. Kingo zote mbili, umepungua. Upande mmoja, magurudumu hayajanyooka. Wahandisi wanaoigiza mwendo wa gari kwenye kompyuta hukadiria mshiko wa tairi kwa fomyula ya Mholanzi Hans Pacejka. Lakini kwenye mteremko wa udongo mwekundu, mvua ya Aprili ikinyesha, mshiko wetu hutegemea fundi huyu.

Dereva, akikwambia tairi imekwisha, usibishane naye. Nunua nyingine.