Kikombe cha Mti na Hukumu Yetu

Ndugu walimu, katika maonyesho ya kazi za mikono vikombe vya mti hupangwa mezani, nasi waamuzi twapita mbele yake, mikono nyuma, tukitazama. Twasifu twiga aliyechongwa ubavuni, twasifu mng'ao wa vanishi, kisha twaandika alama. Sijamwona bado mwamuzi aliyeomba maji. Wala simcheki mtu, maana mimi mwenyewe, huko Kasulu, nilikipa kikombe cha mninga alama za juu kabisa, nikakinunua kwa fedha yangu.

Kikombe kile nilikitumia nyumbani majuma matatu. Ukingo wake ni mnene kama kidole gumba, hata maji hayajui njia ya kinywani, huteremka kidevuni. Ndani tezo imeacha ngazi ngazi, na maziwa hukaa katika ngazi hizo yakachacha, osha usivyochoka. Juma la tatu ukatokea ufa toka ukingoni mpaka kitako, ukapita shingoni mwa twiga.

Ufa huo haukuwa bahati mbaya. Mchongaji alikata gogo zima akauacha moyo wa mti katikati ya kitako. Mti mbichi ukikauka husinyaa, nao husinyaa kwa kuufuata mviringo wake karibu mara 2 kuliko kuelekea moyoni. Basi kipande chenye moyo ndani hujivuta chenyewe mpaka kipasuke. Mninga hauna kosa. Ni miongoni mwa miti itulivu kabisa ya misitu yetu ya miombo, ukikaushwa kwa taratibu.

Baadaye nalimwona mzee mmoja upande wa Kibondo akichonga nje, chini ya mwembe, mwezi wa Julai. Alitumia mwambangoma, mti ule wa maua mekundu na magome ya miiba, ambao jirani zetu wa Burundi huuita umurinzi. Aliupasua gogo kwanza, akautupa moyo, akachonga katika nusu iliyobaki. Nje alitumia tezo ndogo, na ndani kisu chenye ncha iliyopindika, akikivuta kwa kufuata nyuzi za mti, huku kikombe kimebanwa kati ya nyayo zake. Kila mara alikiinua kuelekea jua na kukipapasa kwa vidole viwili, kimoja ndani na kimoja nje, apate kujua unene. Upepo wa kiangazi ulipozidi alikifunika kwa maranda mabichi akaenda kula. Nilimwuliza kwa nini hakiachi juani kikauke upesi. Akanijibu kwamba mimi ni mwalimu, nijijibu mwenyewe.

Kikombe chake hakina pambo hata moja. Chaweza kuonekana maskini mezani. Lakini ukingo wake umepunguzwa kwa ndani ukawa mwembamba pale mdomo unapogusa, na tumbo lake limejaa kidogo chini, kama vile vyombo vya mti vya maziwa ambavyo Warundi huviita inkongoro. Mkono hukipata wenyewe gizani.

Hata rangi na ladha ya mti ni sehemu ya kikombe. Huko Ufilipino kuna mti wa narra, ndugu yake mninga, ambao vikombe vyake hugeuza rangi ya maji. Robert Boyle wa Uingereza aliandika habari za rangi za maji ya namna hiyo mwaka 1664. Yeye aliyatia maji akayatazama mbele ya nuru. Sisi hatujafika hapo.

Wako watakaosema kwamba siku hizi watu hunywea plastiki, na kwamba twiga ndiye anayeuza. Labda ni kweli, nami simnyimi kijana riziki yake. Basi tukiite pambo, tukihukumu kwa sheria za pambo. Na hata hapo twiga yule ana miguu mifupi kuliko mbuzi. Lakini mwanafunzi tuliyemwambia achonge kikombe, tukamtuza kwa kitu kisichonyweka, tumemdanganya, naye atakwenda kumfundisha mwingine vivyo hivyo.

Maonyesho yajayo nimeomba ndoo ya maji iwekwe kando ya meza. Kikombe changu cha twiga sasa kinatunza chaki.