Mapenzi Yasiyoonya: Picha ya "Leaving Las Vegas" Machoni pa Karatu

Picha za sinema zilizoitangaza Ngorongoro ulimwenguni, kama ile ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959, zilitazama zaidi wanyama. Ulevi na mapenzi ya wanadamu hazikuyashughulikia. "Leaving Las Vegas" ya mwaka 1995 ilitungwa mbali na huko, lakini yafaa kupimwa kwa mizani ya Karatu. Mwongozaji wake, Mike Figgis, alilelewa Nairobi utotoni. Kisa alikitoa katika riwaya ya John O'Brien, aliyejiua mwaka 1994, kabla picha haijapigwa.

Ben, mtunzi wa sinema aliyefukuzwa kazi, ahamia Las Vegas ili anywe mpaka afe. Huko akutana na Sera, kahaba, nao wapatana: mwanamke asimwambie kamwe aache pombe, naye mwanamume asimlaumu kwa kazi yake. Sera hata amnunulia kichupa cha kutilia pombe mfukoni, na kwa zawadi hiyo Ben ajua kwamba amepata mwenzi. Nicolas Cage, aliyepata tuzo ya Oscar kwa mchezo huo, haonyeshi mlevi wa kuchekesha, bali mwili unaotetemeka na kuvunjika.

Je, kukubali huko ndiyo mapenzi? Miongoni mwa Wairaqw wa Karatu, pombe ya nafaka tangu zamani ni kinywaji cha kikao, cha kazi ya pamoja na cha baraka. Hunywewa mbele ya wenzi, na mwenye kupita kiasi yupo wa kumkemea. Ulevi wa Ben ni wa chupa na mtu mmoja. Wala Karatu isijivune: viroba, vilivyopigwa marufuku Tanzania nzima mwaka 2017, vilikuwa ndugu wa kichupa cha Sera, vilitiwa mfukoni, vikanywewa pasipo kikao.

Wahenga walisema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Sera mwishowe avunja mapatano na kumsihi Ben amwone daktari. Ben akataa, na kusema afadhali ahame. Hapana shaka maradhi yamekwisha kumzidi, wala onyo peke yake lisingemponya. Hata hivyo, sihi hiyo moja iliyochelewa ndilo tendo la mapenzi kuliko yote katika picha. Kosa la Figgis ni kwamba muziki wake mtamu na taa za mji hulipamba zaidi lile agano la kunyamaza.