Jiwe la Maharage na Mita ya Wati

Kampala inazijua mita. Ipo ya maji, na ipo ya umeme wa kulipia kabla, ambayo watu huiita Yaka. Uniti zikiisha nyumba nzima husimama. Lakini mita niliyokwenda kuitazama ikifungwa asubuhi moja, kwenye kibanda cha fundi baiskeli kule Ndeeba, haipimi kinachoingia nyumbani. Inapima kinachotoka mguuni.

Mwenye baiskeli alikuwa kijana wa mashindano. Alikuja na kiboksi amekishika kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na mkono mmoja wa pedali, wa kushoto, ule ambao watu wa baiskeli huuita krenki. Upande wake wa ndani ulikuwa na uvimbe mdogo mweusi, mwembamba kuliko kiberiti.

“Fundi, itachukua dakika ngapi?”

“Kuifunga, dakika kumi, ssebo. Kuiamini, mpaka saa sita.”

Fundi huyu alijifunzia kazi kwenye baiskeli nyeusi za kubebea matoke. Katika baiskeli zile krenki hushikwa na kabari ya chuma. Unaichomeka, unaigonga nyundo, unaikaza nati, basi. Ikilegea unaigonga tena. Nyundo ile bado anayo, imetundikwa ukutani, mpini wake umeng’aa kwa jasho la miaka. Asubuhi ile hakuishusha.

Hakushika hata spana kwanza. Alichukua ndala kuukuu, akakata kipande cha ukubwa wa ule uvimbe, akakibandika kwenye krenki ya zamani mahali uvimbe utakapokaa, kisha akazungusha pedali polepole, sikio karibu na fremu. Kipande kingekwaruza bomba la nyuma la fremu, mita isingepita, na pesa ya kijana ingekuwa imekwenda bure. Hakikukwaruza. Akazungusha mara ya pili, safari hii akiisukuma krenki kwa kiganja kuelekea ndani, kwa sababu mtu akipanda kilima amesimama juu ya pedali, fremu hupinda kidogo. Bado palikuwa na nafasi. Ndipo akasema, “Haya, sasa tufungue.”

Nilimwomba anieleze kilichomo ndani ya uvimbe. Akanielekeza ng’ambo ya barabara, kwenye bucha lenye mizani ya kidijitali. “Ni kile kile kilichomo mle,” akasema.

Na ni kweli. Ndani ya mizani ile, kama ndani ya krenki ile, mmegundishwa kijikaratasi cha metali chenye waya mwembamba unaokwenda na kurudi. Chuma kikipinda, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, waya hunyooka pamoja nacho, unakuwa mrefu na mwembamba zaidi, na umeme unapita kwa taabu kidogo zaidi. Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, walikifikia kifaa hicho mwaka 1938, kila mmoja kwa njia yake. Mjerumani Ulrich Schoberer akakiingiza kwenye krenki ya baiskeli mwaka 1986. Mguu ukikanyaga, krenki hupinda; ikipinda, waya husema. Zidisha nguvu hiyo ya kuzungusha, yaani toki, kwa kasi ya mzunguko, nawe umepata wati. Mtu anayezungusha pedali mara 90 kwa dakika na kuonyeshwa wati 200 anazungusha kwa toki ya wastani ya nyutoni-mita 21 hivi.

Kwa hiyo kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba kitu pekee kinachoipinda krenki ni mguu. Uchafu usiipinde, boliti iliyokazwa kwa hasira isiipinde, wala jua.

Alianza na pedali. Ya kushoto hufunguliwa kinyume na desturi ya boliti za kawaida, maana uzi wake umegeuzwa ili isijifungue yenyewe njiani. Wanagenzi wengi wamevunja spana hapo. Kisha akalegeza boliti mbili za krenki ya zamani, akatoa kifuniko cha plastiki, akainua kiulimi cha usalama kwa ncha ya bisibisi, akaivuta krenki kwa mikono mitupu. Mhimili ukabaki umetokeza, na meno yake yamejaa tope jekundu la Kampala, tope ambalo likikauka huwa msasa.

Hapo ndipo asubuhi ilipokwenda. Alichukua mswaki na mafuta ya taa, akasafisha jino moja baada ya jingine, kila moja akilifuta kwa upande msafi wa kitambaa. Punje moja ya mchanga ikibaki, krenki haitakaa sawasawa, na kila mzunguko mita itasoma ule mchanga pamoja na mguu. Alipomaliza, alipitisha ukucha kwenye meno yote, akasikiliza. Kisha grisi, kiasi cha kupaka mtoto mafuta puani.

Krenki mpya ikaingia. Ikaja zamu ya kile kifuniko cha plastiki, nami naamini fundi hupimwa hapa. Kazi ya kifuniko ni kuisogeza krenki ndani mpaka isichezecheze, basi. Kwa krenki za Shimano za aina hii kipimo chake ni kati ya nyutoni-mita 0.7 na 1.5, nguvu ambayo mtoto anaifikia akifunga chupa ya soda. Ukizidisha, unazibana beringi na baiskeli inakuwa nzito bila mtu kujua kwa nini. Fundi alikikaza kwa vidole viwili, akaitikisa krenki kushoto na kulia, akakaza unywele mmoja zaidi, akaitikisa tena. Ilipotulia, aliondoa mkono mara moja, kama mtu aliyemlaza mtoto.

Nikakumbuka nyundo ukutani. Mtu aliyezoea kugonga ana kishawishi cha kuongeza kidogo ili awe na uhakika. Mkono uliojifunza kuongeza ukajifunza tena kuacha, huo ndio niliokuwa nautazama.

Kiulimi cha usalama kikarudishwa tundoni. Boliti mbili akazikaza kwa zamu, robo huku, robo kule, mpaka spana ya kupimia mkazo ilipolia “tak” kwenye 13. Kiwanda kinataka kati ya 12 na 14. Alizirudia kila moja mara mbili, kwa sababu ukikaza ya pili ya kwanza hulegea kidogo.

Pedali ikarudishwa. Kijana alikuwa ameshatoa simu tayari kuiunganisha na mita. Fundi akamzuia. “Iache ipoe.” Krenki ilikuwa imeshikwashikwa na mikono yenye joto, na boksi lilikuwa limekuja juani. Metali hutanuka kwa joto, na waya ule mwembamba hauwezi kujua kama umenyooshwa na jua au na mguu. Wakakaa kivulini. Chai ikaja.

Baada ya chai alisimamisha krenki wima, pedali ikining’inia chini, hakuna anayegusa chochote, akaiamuru mita isome sifuri. Mwenye duka la maharage hufanya hivyo hivyo kabla mteja hajafika: sahani tupu kwanza.

Na maharage ndiyo yaliyofuata. Kutoka duka la nafaka la jirani fundi aliazima mawe mawili ya mizani, kilo 10 kila moja, yenye muhuri wa UNBS, shirika la viwango la Uganda. Alilaza krenki sawa na ardhi, akafunga breki ya nyuma kwa mpira, akasoma uzito wa pedali peke yake na kuuandika kwenye kipande cha boksi. Kisha akayatundika mawe kwenye mhimili wa pedali kwa kamba, akasubiri yaache kubembea.

Hesabu ni ya darasani: kilo 20, mara mvuto wa dunia, mara urefu wa krenki, milimita 170. Vitabu huandika mvuto 9.81. Lakini Kampala iko karibu na ikweta, na iko mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo hapa mvuto ni kama 9.78. Jibu linashuka kutoka nyutoni-mita 33.35 hadi 33.25. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kosa ambalo mita yenyewe inaruhusiwa kufanya, na fundi alilijua hilo. Aliandika 33.25. Simu, baada ya kutoa uzito wa pedali, ilionyesha 33.4.

“Inasema kweli,” akasema. “Lakini ni shahidi wa mguu mmoja.” Mita ya krenki ya kushoto hupima mguu wa kushoto tu, kisha huzidisha mara mbili. Mwenye mguu wa kulia wenye nguvu zaidi atapunjwa kila siku. “Usiitumie kushindana na rafiki yako. Itumie kushindana na wewe wa jana.”

Kijana aliitikia kwa kichwa. Mwaka 2024 mwendesha baiskeli Charles Kagimu aliiwakilisha Uganda katika mbio za barabarani za Olimpiki ya Paris, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio hizo za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, ambako wanaume walipanda vilima kwa kilomita 267.5. Tangu hapo vijana wa Kampala wanazungumza kwa wati. Huyu alipanda baiskeli yake, akaelekea Muyenga kutafuta kilima.

Fundi hakumtazama akienda. Alikuwa anafuta grisi kwenye mawe, kwa upande msafi wa kitambaa, kwa uangalifu ule ule alioutumia kwenye meno ya mhimili: grisi nayo ina uzito. Mama wa dukani alikuwa ameshaita mara mbili. Mteja alikuwa anasubiri kilo 10 za maharage.