Jina la kanga halimtaji mtu

Kwenye maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, mteja akishapenda rangi huuliza: "Inasemaje?" Muuzaji hukunjua pindo la chini, akamwacha asome mwenyewe maandishi yake, yaani jina la kanga. Hasifii kitu. Lakini ukifika Mtaa wa Kongo, spika zinaimba "buku, buku, buku" tangu asubuhi. Bei ikishatajwa hakuna tena cha kuuliza: ama unayo, ama huna.

Chukua jina hili la siku nyingi: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE, SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Ufundi wa juujuu unaonekana upesi: naogopa imepinduliwa ikawa siogopi, na kwa silabi moja tu meno yamegeuka maneno. Sikio limeshanasa kabla akili haijakubali. Lakini mzigo wote umebebwa na neno dogo "mtu". Mtu gani? Kasema nini? Hapo pameachwa wazi makusudi. Kiwandani hawamjui jirani yako, wewe unamjua. Unanunua doti, jirani unamtia mwenyewe.

Anayetajwa sana kwa kuanzisha maandishi haya ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20. Angalia alivyogawa herufi: alama yake, Mali ya Abdulla, imechapwa ndogo pembeni, kijembe cha mnunuzi ndicho kikubwa, katikati. Ni wafanyabiashara wangapi leo wanaoweza kujizuia namna hiyo?

Miaka ya 1920, Mmarekani John Caples aliuza masomo ya piano ya kusoma nyumbani kwa tangazo lenye kisa cha mtu aliyechekwa alipokwenda kuketi apige. Msomaji alitaka kujua kilichofuata, akashuka aya kwa aya hadi kwenye kuponi. Kanga haina aya za chini, wala haitoi jibu popote. Tena haimchokozi mnunuzi kama Caples alivyofanya. Inamuuzia uchokozi akautumie kwingine.

Kwa upande wa fumbo, mimi hulipa nafasi ya kwanza jina la MDHANIAYE NDIYE SIYE. Maneno matatu, "ndiye" na "siye" yamegongana bila hata koma. Kuna jambo limetendeka, kuna anayedhaniwa, na kuna mwingine anayejua ukweli. Hakuna hata mmoja aliyetajwa. Ukilisoma kwenye foleni ya daladala unaanza kuhesabu watu.

Halafu kuna mahali linapokaa. Kanga ikifungwa vizuri kiunoni, jina huangukia nyuma. Mvaaji halioni, hulisoma anayepitwa njiani, naye amekwisha chelewa kujibu. Akimfuata na kuuliza, "Shoga, unanisema mimi?", jibu lilikuwemo kwenye bei tangu dukani: "Wewe nawe! Nimependa rangi tu."