Sifa Zetu na Vidole vya Mpiga Kinanda

Wahenga walisema: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi wa Bunagana hatugemi minazi, pombe yetu ni ya ndizi, lakini methali hiyo twaielewa vema: sifa nyingi humharibu fundi. Leo nataka kuitazama kwa upande wa pili. Je, yule anayesifu hana kosa lolote? Nauliza hivyo kwa sababu ya ubishi uliotokea katika kwaya yetu.

Jioni, baada ya mazoezi, vijana wetu hukaa nje ya kanisa wakitazama muziki katika simu zao. Siku moja walikuwa wakitazama picha za zamani za Mwingereza mmoja, mpiga kinanda, jina lake Keith Emerson. Mmoja akaniita: «Katekista, njoo uone, mtu huyu ana vidole ishirini!» Mwingine akamjibu kwamba sisi Wakongo tuna wetu, Ray Lema, wala hatuna haja ya kusifu watu wa mbali. Basi wakagawanyika makundi mawili, wakanitaka niamue ni nani mkubwa. Sikuamua siku ile. Niliomba nisikilize kwanza. Sasa nimesikiliza, na haya ndiyo niliyoyaona.

Emerson alizaliwa mwaka 1944. Mwaka 1970 yeye na wenzake wawili waliunda kundi la Emerson, Lake and Palmer. Muziki wao ulikuwa wa namna iliyopendwa sana Uingereza miaka ile: ulikuwa roki, lakini roki iliyotaka kwenda shule. Hawakutosheka na wimbo wa dakika tatu. Kazi yao iitwayo «Tarkus», ya mwaka 1971, yapita dakika ishirini na kujaza upande mzima wa sahani. Mwanzoni mwake mkono wa kushoto warudia bila kuchoka mwendo wa mapigo matano, na mkono wa kulia wasema maneno yake mengine kabisa, kama watu wawili wanaozungumza bila kugombana. Aliyewahi kujifunza kinanda ajua jambo hilo ni gumu namna gani. Mwaka uleule walitoa sahani ya «Pictures at an Exhibition», kazi ambayo Mrusi Mussorgsky aliiandikia piano mwaka 1874. Vijana ambao wasingeingia kamwe katika ukumbi wa muziki wa namna hiyo waliupokea kutoka mikononi mwa Emerson. Hilo ni jambo jema, na anayemsifu kwa ajili yake amsifu kwa haki.

Lakini tazama vijana wetu walikuwa wakisifu nini. Walisifu kisu. Emerson alikuwa na desturi ya kuchomeka visu kati ya vibao vya kinanda chake cha Hammond ili sauti iendelee kulia yenyewe, tena alikiangusha na kukiburuta jukwaani. Na kinanda cha Hammond, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935, kilinunuliwa sana na makanisa yasiyoweza kulipia kinanda kikubwa cha mabomba! Walisifu pia piano ya California, mwaka 1974, iliyoinuliwa hewani na kuzungushwa juu chini, na mpigaji amefungwa kitini mbele yake. Niliwauliza: «Alikuwa akipiga wimbo gani pale juu?» Walitazamana. Hakuna aliyejua. Wameitazama picha ile mara nyingi, lakini hawajaisikiliza hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoona kosa la wenye kusifu. Mshabiki wa namna hii hapendi muziki, apenda ajabu. Na ajabu ina tabia ya njaa: ukiilisha leo, kesho yataka zaidi. Mwaka huu kisu, mwaka ujao piano irukayo. Fundi akitaka kushuka chini apige polepole, wale waliompandisha husema amekwisha.

Tena vidole vya mtu si chuma. Katika miaka ya 1990 mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia wa Emerson iliharibika, ikabidi apasuliwe, wala mkono huo haukurudi kuwa kama zamani. Mwezi Machi 2016, akiwa na miaka 71, alikuwa akingojea kwenda kupiga muziki Japani. Hakwenda. Alijiua nyumbani kwake California. Habari zilizotangazwa zilisema alikuwa na huzuni nzito ya moyo, aliogopa kwamba hataweza tena kupiga ipasavyo, na kwamba maneno makali ya baadhi ya washabiki juu ya upigaji wake yalikuwa yamemuumiza. Sisemi kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomwua. Moyo wa mtu ni kisima kirefu, hakuna ajuaye chini yake ila Mungu. Nasema tu kwamba mtu aliyesifiwa kwa ajili ya vidole vyake alikuwa amefundishwa, mwaka baada ya mwaka, kwamba vidole ndivyo thamani yake. Vilipodhoofika, sifa zote za zamani hazikumsaidia kitu.

Sasa tumtazame wa pili. Ray Lema alizaliwa mwaka 1946 huko Lufu-Toto, Kongo ya Chini. Akiwa mtoto aliingia seminari ndogo ya Mikondo, kwa maana alitaka kuwa padri. Huko aligusa kinanda, akajifunza nyimbo za Gregori na muziki wa mabwana wa Ulaya. Upadri haukuwa wito wake, lakini kinanda kilibaki. Alipiga katika vilabu vya Kinshasa pamoja na wanamuziki wenye jina. Mwaka 1974 aliwekwa kuongoza muziki wa Ballet ya Taifa, na kazi hiyo ilimpeleka kuizunguka nchi akitafuta wapiga ngoma na waimbaji wa makabila yetu mengi. Tazama basi: mtu aliyekwisha kumjua Bach aliketi mbele ya mpiga ngoma wa kijiji, akawa mwanafunzi.

Mwaka 1979 alikwenda Marekani, kisha akakaa Ufaransa. Mwaka 1992 alitoa sahani pamoja na Profesa Stefanov na waimbaji wa Bulgaria. Mwaka 2004 alitoa «Mizila», ambayo ni piano peke yake, bila ngoma wala gitaa. Ukiisikiliza, utasikia mkono wa kushoto ukirudia maneno machache kwa uvumilivu, nami humo nasikia likembe ya wazee wetu. Nafasi za kimya ni nyingi. Hakuna kisu hapo, wala kiti cha kuruka. Mwaka 2020, naye amepita miaka sabini, alitoa sahani ya kumheshimu Franco Luambo, aliyefariki mwaka 1989. Mpiga kinanda mwenye sifa zake mwenyewe alikubali kukaa nyuma ya nyimbo za mpiga gitaa.

Je, nimeamua basi kwamba Lema ni mkubwa kuliko Emerson? La. Kwa nguvu na wepesi wa mikono sidhani kama yupo wa kumshinda Mwingereza yule, na katika baadhi ya kazi za Lema nimeona mawazo mengi kuliko wimbo. Tena wale vijana waliosema «sisi tuna wetu» hawakuweza kunitajia hata kazi moja ya Lema. Walimsifu kwa sababu ni Mkongo, kama wengine walivyomsifu Emerson kwa sababu ya kisu. Makundi yote mawili yalikuwa na kosa moja: hakuna aliyesikiliza. Neno langu ni hili: ukubwa wa mpiga kinanda hatuwezi kuupima mpaka sisi wenyewe tuwe wasikilizaji.

Wasomaji, ningeweza kukomea hapa, lakini isingekuwa haki, maana kosa hilo silo la Uingereza tu. Tulikuwa na mpiga kinanda wetu. Mwezi Juni 2022, vita vilipoingia Bunagana, watu wengi walivuka mpaka kukimbilia Uganda, kila mtu na alichoweza kubeba: godoro, sufuria, mtoto mgongoni. Yeye alibeba kinanda cha kwaya kichwani, kimefungwa katika kitenge. Kinanda hicho ndicho tunachokipiga hata leo. Baadaye alianguka na pikipiki akavunjika mkono. Alipopona, vidole viwili havikukunjuka vizuri. Akarudi kupiga, polepole, akiruka sauti nyingine. Wale waliokuwa wakimpigia makofi walianza kucheka chini chini. Dominika moja mtu akasema kwa sauti apewe kijana mwingine mwenye mikono mizima. Mimi nilikuwepo. Mimi ndimi niliyefundishwa seminarini kwamba kazi ya kinanda ni kuwashika mkono waimbao ili wasipotee, na kwa kazi hiyo vidole vinane vyatosha. Sikusema neno. Dominika iliyofuata hakuja, wala hakuja tena.

Baada ya kusoma habari za mwisho wa Emerson sikuweza kulala vizuri. Nilikwenda nyumbani kwa ndugu yetu kumwomba radhi. Alinikaribisha, mkewe akanipa viazi na maharage, tukazungumza habari za mashamba. Nilipotaja kinanda alitazama mlango. Alisema atafikiri. Hata leo anafikiri, nami sitamharakisha.

Lakini vijana nimewapa kazi. Kila Alhamisi, kabla ya mazoezi, twaweka simu juu ya meza, kioo chake kimelala chini ili asiwepo wa kutazama picha, tunasikiliza kazi moja mpaka mwisho. Kisha kila mmoja aseme alichosikia, si alichoona. Mara ya kwanza tulisikiliza mwanzo wa «Tarkus», na yule kijana wa vidole ishirini alinyamaza sana. Halafu akasema: «Katekista, mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi yote, nami nilikuwa natazama wa kulia.» Alhamisi ijayo ni zamu ya «Mizila». Nimemtuma kijana huyohuyo aende akamwalike ndugu yetu aje kusikiliza pamoja nasi. Asije kupiga. Aje kusikiliza tu.