Bendi Ikiongeza Mtu, Wasikilize Wenyeji Wake

Bendi ikipata mpigaji mpya, macho yote humwendea mgeni. Sikio lililokomaa huanza na wenyeji. Ukiikuta bendi ya benga katika ukumbi wa Kibera au Kawangware, na jukwaani pana mtu mmoja zaidi ya uliowazoea, tafuta kujua wenzake wameacha kupiga nini ili naye asikike. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika muziki mwenyeji hupona kwa kupunguza.

Anza na magita. Benga husimama juu ya solo, rizimu na besi. Mwimbaji akimaliza mstari, solo humjibu. Sauti zikinyamaza, magita hushika kasi. Likiongezwa gita la nne, kama ile mi-solo ya rumba ya Kongo, mahali pake ni katikati: juu ya rizimu, chini ya solo. Dalili ya ubovu ni magita mawili kumjibu mwimbaji kwa wakati mmoja, yote kwenye nyuzi nyembamba. Hapo jibu hupotea na msikilizaji hubaki na kelele.

Akija mpiga kinanda, chunguza mkono wake wa kushoto. Usipotulia, huimeza besi. Sogea mbali na spika, simama karibu na mlango, kisha jaribu kuiimba besi kwa mdomo. Ukishindwa kuifuata, kinanda kimezidi.

Mwimbaji mpya ni mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa solo lazima ijifunze pumzi zake. Extra Golden, bendi ya Wakenya na Wamarekani iliyochanganya benga na roki, ilimpoteza mwimbaji wake Otieno Jagwasi mwaka 2005. Opiyo Bilongo akajiunga, na mwaka 2007 ikatoka albamu ya Hera Ma Nono. Isikilize baada ya Ok-Oyot System ya mwaka 2006, ufuatilie magita yanavyoishi na sauti nyingine.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni bendi ya Les Wanyika. Mwaka 1978 Omar Shabani wa rizimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma waliondoka bendi ya Simba Wanyika pamoja na wenzao. Walikuwa wameshazoeana. John Ngereza akaja na solo kutoka Orchestra Jobiso, Issa Juma akaja na sauti. Wakafanya mazoezi kwanza, ndipo wakapanda jukwaani Garden Square, Nairobi. Katika "Sina Makosa" rizimu haijifichi hata kidogo: solo inaingia pale ilipoachiwa nafasi, haisukumi mtu. Huo ndio ubora.

Usitoe hukumu usiku wa kwanza. Rudi baada ya wiki kadhaa, na usipime kwa wimbo mpya, maana huo umetungwa mgeni akiwa tayari ana nafasi yake. Omba wimbo wa zamani. Ukisikia umepangwa upya, wamempokea. Ukisikia yaleyale ya zamani na mtu mmoja juu yake, bado. Na siku watakapoelewana, ukipita mbele kumtuza mgeni, mtuze na mwenye rizimu: yeye ndiye aliyempisha.