Ngao Ilikuwa Inaongea

Kadi iliyo chini ya ngao ina maneno matatu: "Ngao ya Kimaasai". Basi. Hakuna jina la aliyeishika, hakuna mwaka, hakuna hata mahali ilikotoka.

Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja cha mabati na ua, kando ya barabara kaunti ya Narok. Sitayataja jina, maana ninacholalamikia si chao peke yao. Ndani kuna vitu unavyotarajia: rungu, sime, vibuyu, shanga, mikuki miwili. Na hiyo ngao ya ngozi, yenye rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi.

Hizo rangi si urembo. Michoro ya ngao huitwa sirata, na zamani mtu akiiona kwa mbali alijua anayekuja ni wa rika gani na wa upande gani wa Wamaasai, kama ni Purko, Loita ama Kisongo. Ilikuwa jezi na kitambulisho kwa pamoja. Yaani kitu kinakuja kikiwa kimeandikwa tayari, halafu sisi tunakibandikia kadi inayosema machache kuliko chenyewe! Shanga nazo ni vivyo hivyo. Mpangilio wa rangi hubadilika kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mama anayejua huusoma vile wewe unasoma namba ya matatu. Kadi inasema "Mapambo ya wanawake".

Kadi zote pia ziko katika wakati uliopita. Wamaasai walivaa, walikunywa, waliishi. Kijana anayetembeza wageni, Mmaasai mwenyewe, aliniambia mamake alisafisha kibuyu kama kile asubuhi hiyo hiyo, kwa kaa la oloirien, mzeituni wa porini, ndiyo maana maziwa hunukia moshi. Nilijifunza mengi kwa hiyo sentensi moja kuliko ukuta mzima.

Ukuta wenyewe una ramani, na hapo ndipo nilikasirika. Inaonyesha Wamaasai wakiwa kusini, kana kwamba walijichagulia. Mkataba wa 1904 uliwatoa Bonde la Ufa, ule wa 1911 ukawatoa Laikipia ili walowezi wapate nafasi. 1913 walienda kortini, wakaambiwa mikataba kati ya mataifa haiamuliwi na korti ya kawaida. Hiyo ni stori ya kujaza chumba, manze, na haina hata kadi.

Kuna kitu kimoja nilikipenda bila kinyongo: enkaji iliyo uani. Imejengwa na akina mama wa hapo karibu, maana nyumba ni kazi yao. Unainama, unaingia, giza linakumeza, halafu macho yanazoea na unaona kitanda cha ngozi, mafiga, katundu ka kupitisha moshi. Haijaandikwa chochote. Haihitaji.

Tusidhani pesa ndiyo dawa. Pitt Rivers kule Oxford ni makumbusho tajiri, na kwa miaka mingi yalikaa na orkatar, bangili ambayo baba akifa humfikia mrithi wake. Haiuzwi, haitolewi zawadi. Ni wajumbe wa Kimaasai kutoka Kenya na Tanzania walioalikwa huko ndio waliitambua, pamoja na vitu vingine ambavyo havikupaswa kutoka nyumbani. Laiboni alihusishwa kutafuta ni vya familia zipi, na 2023 watu wa makumbusho walikuja kwa familia kupatanishwa nazo kwa ng'ombe, kama desturi inavyotaka. Kumbe jina la mwenyewe linaweza kutafutwa hata baada ya miaka mia.

Hapa Narok wazee hawako mbali namna hiyo. Yule kijana ana daftari lenye majina ya wanne wanaoweza kuisoma ile ngao. Mmoja haoni vizuri tena. Kinachosubiriwa ni nauli ya kuwaleta.